Deni Letu kwa Wasichana wa Kandanda

Askari ajua tofauti iliyopo baina ya kushindwa vitani na kurudishwa kambini kabla ya vita kupiganwa. Aliyeshindwa hupata la kujifunza. Aliyerudishwa njiani hubaki na swali lisilo na jibu. Kikosi cha Timu ya Taifa ya wasichana wa chini ya umri wa miaka 17, kile cha mwaka 2019 na 2020, kimebaki na swali la namna hiyo. Sisi tuvaao sare hatuna budi kulitazama, kwa kuwa sehemu ya jibu imo mikononi mwetu.

Tuitazame kwanza rekodi yao. Mwaka 2019 wasichana hao, chini ya mwalimu wao Ayub Khalifa, walikwenda Mauritius wakiwa wageni waalikwa katika mashindano ya nchi za Kusini mwa Afrika, wakarudi na kombe. Juliet Nalukenge alifunga magoli mengi kuliko mchezaji mwingine yeyote. Desemba ya mwaka huo huo wakautwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati katika uwanja wa Njeru. Kisha ikaja safari ya kuwania nafasi katika Kombe la Dunia lililopangwa kufanyika India. Wakaitoa Ethiopia. Wakafungwa na Tanzania magoli 2 kwa 1 ugenini, na waliporudiana hapa Lugogo, Machi 2020, wakawafunga wageni wao magoli 5 bila jibu. Ilibaki hatua moja tu, nayo ni Cameroon.

Mechi hiyo haikuchezwa. Siku chache baada ya ushindi wa Lugogo, shule zilifungwa nchini kote kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, na Novemba 2020 FIFA ikayafuta mashindano yenyewe. Hatusemi kwamba tungeishinda Cameroon. Mpira hauna mwenyewe. Tunachosema ni kwamba timu ya watu wazima huweza kungoja mwaka mmoja au miwili, bali msichana wa miaka 17 hapati kuwa wa miaka 17 mara ya pili.

Majirani zetu wamepita mlango huo. Wasichana wa Tanzania walifika India mwaka 2022 wakacheza robo fainali. Wasichana wa Kenya walifika Jamhuri ya Dominika mwaka 2024. Hata vijana wetu wa kiume walifika Qatar mwaka 2025. Hadi mwisho wa mwaka huo, wasichana wetu walikuwa hawajafika.

Yafaa tujiulize sababu, wala tusiutupie ugonjwa lawama yote. Kandanda ya wasichana hapa kwetu ni mtoto wa shule. Shule kama Kawempe Muslim na Uganda Martyrs ya Lubaga ndizo zilizowapa wengi wao bweni, chakula, uwanja na mwalimu. Shule zetu hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Vyote hivyo vikatoweka kwa siku moja. Lakini hata katika nyakati za amani, msichana amalizapo masomo hukutana na pengo lile lile. Wachache hupata njia ya ng'ambo, kama Nalukenge aliyekwenda Cyprus. Wengi hubaki nyumbani, bila shule, bila mshahara, katika umri ambao mchezaji huanza kukomaa.

Matokeo yake twayaona. Mwaka 2022 timu ya wanawake wakubwa ilifika fainali za Afrika nchini Morocco kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2000. Ilifungwa na Senegal, ikafungwa na wenyeji, ikatoka sare na Burkina Faso, ikarudi. Mbegu tunayo, mti haukui kwa sababu hakuna anayeumwagilia baada ya kuchipua.

Majeshi yetu yajua kazi hiyo ya kumwagilia. Simba, timu ya jeshi, ilifika fainali ya klabu bingwa za Afrika mwaka 1972. Stephen Kiprotich, aliyeleta dhahabu ya marathoni kutoka London mwaka 2012, alikuwa askari wa Magereza. Joshua Cheptegei ni mtu wa Polisi. Hao hawakupewa zawadi. Walipewa kazi, mshahara na saa za mazoezi, nao wakailipa nchi. Na tusisahau kwamba Peruth Chemutai, mwanamke, alituletea dhahabu ya Olimpiki mwaka 2021.

Basi twapendekeza jambo moja lililo wazi. Jeshi, Polisi na Magereza watangazapo nafasi za kuandikisha kuruta, msichana aliyeichezea timu ya Taifa ya vijana atazamwe kwa jicho lile lile linalomtazama mkimbiaji. Awe na cheti kinachotakiwa, awe na afya, apite mafunzo kama wenzake wote. Tena akishapita, apewe uwanja, mwalimu na muda.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya askari ni ulinzi, wala si kukimbilia mpira. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini katika chuo cha maofisa tulifundishwa kwamba kikosi kisichoandaa wa kushika nafasi za wanaoondoka hufa kikiwa bado kinapiga paredi. Na wahandisi wa jeshi walioukarabati Uwanja wa Namboole, ukachezewa mashindano ya Afrika mwaka 2025, hawakuacha kuwa askari kwa kufanya hivyo.

Neno letu la mwisho ni kwa baba aliyeko kambini. Ndugu askari, ikiwa binti yako anaucheza mpira nyuma ya kota, usimwite ndani kwa sababu tu ni msichana. Mpe viatu, mtazame, kisha mpeleke kwa mwalimu. Samaki mkunje angali mbichi. Wasichana wa mwaka 2020 hatuwezi kuwarudishia mechi yao. Lakini wadogo zao twaweza kuwalipa deni hilo.