Mstari wa 41 Usiokuwapo

Sisi tuliozoea kubishania vina na mizani, leo naomba tubishanie kauli moja ya kompyuta.

Mtu huandika amri katika faili ili sheli, yaani programu inayopokea amri za maandishi, izitekeleze moja baada ya nyingine. Tuseme faili lina mistari 40. Mstari wa 7 unafungua sharti kwa neno if, na mwandishi amesahau kulifunga kwa neno fi. (Hilo fi ni if iliyogeuzwa nyuma mbele, Stephen Bourne, aliyeitunga sheli iliyotoka na Unix mwaka 1979, aliuiga mtindo huo kutoka lugha ya Algol 68. Mshairi gani asingeupenda mchezo huo?) Matoleo mengi ya sheli ya Bash hujibu kwamba kuna kosa mstari wa 41: faili limeisha bila kutarajiwa. Mstari wa 41 haupo!

Siilaumu mashine kwa kutojua. Husoma kutoka juu kwenda chini ikiingojea fi, na fi ingeweza kutokea mstari wowote uliobaki. Alama za mtajo zina hila zaidi. Ukisahau kuufunga mtajo mmoja, alama inayofungua mtajo wa pili huchukuliwa kuwa ndiyo inayoufunga wa kwanza. Ya ndani yakawa nje, ya nje yakawa ndani, na lawama ikauangukia mstari usio na hatia.

Ninachokilaumu ni kauli. Ukweli ni huu: "Nimefika mwisho, na sharti lililofunguliwa mstari wa 7 bado li wazi." Kiswahili hutenganisha kosa kuwapo na kosa kugunduliwa bila taabu yoyote. Anayefasiri ujumbe wa programu asiyachanganye mawili hayo kwa sababu tu matini asilia imeyachanganya.

Na sisi wahakiki je? Chukua ubeti ambao mshororo wa kwanza una kina cha mwisho -ni, na miwili inayofuata ina -na. Wengi wetu huutia wino mwekundu mshororo wa pili, kwa kuwa hapo ndipo sikio lilipojikwaa. Huenda mtunzi alikusudia -na tangu mwanzo, na neno la kubadilishwa li katika mshororo wa kwanza. Mhariri angeandika pambizoni, "Hapa sikio langu limekwama," mtunzi angejua kwamba anaweza kutafuta juu zaidi. Akiandika, "Hapa umekosea," mtunzi ataubomoa mshororo mzima.