Helikopta za polisi: Injini moja au mbili?

KILA helikopta ya serikali inapoanguka nchini, swali lile lile huzuka: je, ni busara kuwabeba viongozi, askari na majeruhi kwa chombo chenye injini moja ilhali vipo vyenye injini mbili?

Swali hilo liliulizwa kwa uchungu Juni 10, 2012, helikopta ya polisi aina ya Eurocopter AS350 ilipoanguka katika msitu wa Ngong dakika chache baada ya kuondoka Uwanja wa Ndege wa Wilson. Aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Profesa George Saitoti, naibu wake Orwa Ojode, marubani wawili na walinzi wawili walifariki. Likarejea Aprili 18, 2024, Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, na wanajeshi wengine tisa walipofariki katika ajali ya helikopta ya jeshi aina ya Huey katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Helikopta zote mbili zilikuwa za injini moja.

Lakini wanaohusika na swali hili si mawaziri na majenerali pekee. Mkazi wa Kabati, Kitui Magharibi, ana sababu ya kulifuatilia. Mji huo uko kwenye barabara itokayo Kibwezi, Kaunti ya Makueni, ikapitia Mutomo na Kitui mjini kuelekea Migwani. Kutoka Wilson, yaliko makao ya kikosi cha ndege cha polisi, ni zaidi ya kilomita 100 kwa njia ya angani, na rubani hana budi kuvuka vilima vya Machakos, Mto Athi na uwanda wa juu wa Yatta.

Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na mito yake mingi huwa mikavu kwa miezi kadhaa kisha hufurika kwa saa chache. Desemba 4, 2021, basi lililokuwa limewabeba wanakwaya waliokuwa wakielekea harusini lilisombwa na maji ya Mto Enziu, karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Katika maafa ya aina hiyo, barabara inapokatika, helikopta huwa tegemeo la pekee la kufika upesi.

Ili kuipima hoja ya injini mbili, yafaa kuelewa kinachotokea injini inapozimika. Helikopta haianguki papo hapo kama jiwe. Rubani akiwahi kupunguza pembe ya mapanga, hewa inayopanda kutoka chini huendelea kuyazungusha, naye hutumia mzunguko huo kukituliza chombo karibu na ardhi. Mbinu hiyo hufunzwa kila rubani, nayo imeokoa wengi.

Hata hivyo, ina masharti. Rubani anahitaji kimo au mwendo wa kutosha, na pia mahali pa wazi pa kutua. Mchana, katika mbuga za kusini mwa Kitui, mahali hapo hupatikana bila taabu. Usiku, juu ya mapaa ya Nairobi au juu ya maji, huenda pasipatikane kabisa. Hali ni mbaya zaidi helikopta inaposimama angani chini chini ili kumvuta mtu kwa kamba kutoka mtoni. Injini ya pekee ikizimika wakati huo, rubani hana kimo wala mwendo wa kumwokoa, na anayening'inia kwenye kamba yumo katika hatari ile ile.

Ndiyo maana kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) huzigawa safari za helikopta katika madaraja matatu. Katika daraja la kwanza, injini moja ikizimika chombo kinaweza kuendelea na safari au kutua salama. Katika la tatu, kuzimika kwa injini kunamaanisha kutua kwa dharura. Helikopta ya injini moja iko katika daraja la tatu daima.

Je, hiyo ina maana kuwa injini mbili ndizo dawa ya ajali? Historia inakataa. Agosti 12, 2012, helikopta tatu za kivita za Uganda aina ya Mi-24, kila moja ikiwa na injini mbili, zilianguka katika Mlima Kenya zikiwa njiani kuelekea Somalia. Juni 2020, helikopta ya polisi aina ya AW139, yenye injini mbili, ilianguka Meru. Waliokuwa ndani walinusurika. Juni 2021, helikopta ya jeshi aina ya Mi-171, nayo ya injini mbili, ilianguka Kajiado na kuua angalau wanajeshi 10.

Mfano wenye funzo kubwa zaidi ni wa Glasgow, Scotland. Usiku wa Novemba 29, 2013, helikopta ya polisi aina ya EC135 iliangukia baa ya Clutha na watu 10 wakafariki. Injini zote mbili zilizimika kwa kukosa mafuta. Wachunguzi walibaini kuwa mafuta yalikuwamo katika tangi kuu, lakini pampu za kuyapeleka kwenye matangi madogo yanayolisha injini zilikuwa zimezimwa. Injini ya pili haimsaidii rubani ikiwa kilichoizima ya kwanza kinaizima na hiyo pia. Wala haimwonyeshi mlima uliofichwa na ukungu.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika kwa urahisi. Kabati iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na jua la Ukambani ni kali. Hewa ya joto na ya juu ni nyepesi, hivyo injini na mapanga hupungukiwa nguvu. Helikopta ya injini mbili iliyojazwa abiria na mafuta katika hali hiyo huenda isiweze kusimama angani kwa injini moja iliyobaki. Basi mlipa ushuru atakuwa amegharamia injini ya pili bila kupata usalama alioahidiwa.

Na gharama yenyewe si haba. AW139 ina uzito wa juu wa kuruka wa takribani kilo 6,400, karibu mara tatu ya AS350. Hunywa mafuta zaidi, na injini mbili huhitaji vipuri na ukaguzi maradufu. Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Helikopta ya kifahari inayolala bandani ikisubiri vipuri haimfai majeruhi wa ajali ya barabarani aliyelala Kabati.

Miji mikubwa duniani imefanya uamuzi kulingana na kazi. Polisi wa Los Angeles, Marekani, wamepiga doria kwa miaka mingi kwa helikopta za injini moja, zikiwemo AS350. Wenzao wa Uingereza, ambao hupaa usiku juu ya miji yenye msongamano, hutegemea za injini mbili.

Kenya nayo haina haja ya kuchagua aina moja kwa kila kazi. Kuwasaka wezi wa mifugo mchana, kukagua mafuriko au kuwarudisha ndovu Tsavo ni kazi zinazoweza kufanywa na helikopta nyepesi ya injini moja. Uokoaji kwa kamba, usafirishaji wa wagonjwa usiku na safari za juu ya miji zastahili injini mbili, pamoja na vifaa vya kuongozea chombo ndani ya ukungu na marubani waliofunzwa kuvitumia.

Muhimu ni kile ambacho serikali itadai katika zabuni. Kutaja idadi ya injini hakutoshi. Muuzaji atakiwe kuonyesha chombo chake kitabeba watu wangapi, kwa kimo cha Kitui na joto la Februari, injini moja ikiwa imezimika. Aidha, bajeti itenge tangu mwanzo fedha za vipuri, ukarabati na saa za mafunzo kwa miaka ya matumizi. Pasipo hayo, mto utakapofurika tena, wakazi wa Kitui na Makueni wataendelea kutazama juu wakisubiri.