Fiziotherapia si kuchua misuli

Hivi karibuni nilikwenda kumjulia hali mama wa jirani yangu aliyepata kiharusi. Alikuwa na wiki tatu tangu aruhusiwe hospitali. Mkono wa kulia ulikuwa hauinuki, na bega lilimuuma kiasi cha kukosa usingizi. Nilipouliza nani anamfanyisha mazoezi, mwanawe alinijibu: "Kuna kijana anakuja kumchua kila jioni. Anauvuta mkono mpaka utoe mlio."

Kijana yule ana nia njema, na kuchua kuna mahali pake kwa misuli iliyochoka. Lakini baada ya kiharusi, misuli inayoshikilia bega hulegea. Ukiuvuta mkono, mfupa unaweza kuteleza kutoka mahali pake na maumivu yakazidi. Mtaalamu wa fiziotherapia huanza kwa kuukinga mkono huo. Huwafundisha ndugu namna ya kumlaza mgonjwa, kumgeuza na kumnyanyua bila kumvuta. Kisha humrudisha hatua kwa hatua kwenye kukaa, kusimama na kushika kikombe. Kurudiarudia vitendo hivyo huufundisha ubongo upya, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida zaidi.

Ujuzi huo haupatikani kwa semina ya siku mbili. Hapa Tanzania, aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo ya sayansi, yaani Baiolojia, Kemia na Fizikia, anaweza kuomba stashahada ya miaka mitatu. Aliyesoma PCB kidato cha sita anaweza kuomba shahada ya miaka minne, kisha hufuata mwaka wa utarajali hospitalini. KCMC, Moshi, ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha fani hii. Mwanafunzi husoma mifupa, misuli, mishipa ya fahamu, moyo na mapafu, halafu huingia wodini kwa waliovunjika, watoto wenye mtindio wa ubongo na wagonjwa mahututi.

Mzazi mwenye mtoto wa PCB, kwa nini nyumba nzima iingie msiba akikosa nafasi ya udaktari? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 duniani wana hali za kiafya zinazohitaji huduma za utengamao, ambazo fiziotherapia ni sehemu yake. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wataalamu wa huduma hizo hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Hiyo ni fani inayomsubiri mwanao.

Serikali nayo ikumbuke kwamba kusomesha wataalamu bila kuwapa nafasi katika hospitali za wilaya ni kujaza maji kwenye pakacha. Na hospitali zisingoje ndugu waulize. Mgonjwa wa kiharusi asiruhusiwe kwenda nyumbani bila mpango wa mazoezi ulioandikwa.

Mpaka hapo tutakapofika, uliza wewe. Siku mgonjwa wako anaporuhusiwa, mwambie daktari: "Nani atamfanyisha mazoezi, wapi, na kuanzia lini?" Kama kliniki ni mbali au nauli ni ngumu, omba mtaalamu akufundishe mazoezi ya nyumbani na akupangie siku ya kurudi kuangaliwa. Na yeyote anayekuja kumshika mgonjwa wako, muulize amesomea wapi. Aliyesomea hatakasirika.

Yule mama sasa anahudhuria kliniki mara mbili kwa wiki. Mkono bado ni mzito, lakini usiku analala. Jumapili iliyopita nilimkuta amekishika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili, mwanawe akiwa amekaa pembeni, hakimsaidii kukinyanyua.