Faili Libaki Ghalani, Stakabadhi Isafiri

Kila aliyepata kufanya kazi katika ofisi ya umma anaifahamu masjala. Barua haitoki moja kwa moja mkononi mwa mwandishi hadi mkononi mwa mwandikiwa. Huingizwa daftarini, hupewa namba, na huwekwa pamoja na nyingine zinazosubiri. Kisha tarishi huichukua, na huko aendako haondoki mpaka mpokeaji atie sahihi. Wakati wote huo mwandishi huendelea na kazi nyingine. Hana haja ya kujua kama mwandikiwa yumo ofisini au yuko safarini.

Utaratibu huo mkongwe ndio unaofuatwa katika kile ambacho wataalamu wa kompyuta hukiita foleni ya ujumbe. Programu moja huandika ujumbe na kuuweka katika foleni, na programu nyingine huuchukua kwa wakati wake. Njia iliyo kinyume chake ni ile ya simu: programu mbili huunganishwa moja kwa moja, na zote mbili hazina budi kuwa macho kwa wakati mmoja. Waya ukikatika, mazungumzo yamekwisha. Mifumo mingi inayopeleka mafaili kutoka taasisi moja hadi nyingine bado hufuata njia hiyo ya simu, na hapo ndipo penye kasoro inayostahili kurekebishwa.

Msomaji atazame Nyanda za Juu Kusini. Kutoka Iringa mjini hadi Mbeya mjini, kwa kupitia Mafinga na Makambako, ni kilomita zipatazo 330. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya huhudumia mikoa ya ukanda huo, Iringa ikiwa mmojawapo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, umepita katika miji yote miwili. Hata hivyo, mkongo ni barabara kuu tu. Kati ya barabara kuu na chumba cha daktari kuna waya mwembamba, kuna swichi, na kuna umeme. Kimoja kikisimama, vyote vimesimama. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopata usumbufu mkubwa wa intaneti. Kukatika kwa mawasiliano, basi, si ajali ya kushangaza. Ni hali ambayo mhandisi anapaswa kuitarajia tangu siku ya kwanza.

Na achukuliwe, kwa mfano tu, majeruhi wa ajali ya barabarani aliyepigwa picha za CT katika hospitali ya wilaya, ikawa picha hizo zinahitaji kusomwa na bingwa aliye mji mwingine. Seti ya picha hizo huweza kufikia megabaiti 300. Kwa njia yenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, seti hiyo itachukua dakika 20 kufika. Ikiwa zinapelekwa kwa mkupuo mmoja, na njia ikakatika dakika ya 19, kazi yote huanza upya. Lakini lililo baya zaidi si ucheleweshaji. Upande mmoja huweza kuamini kwamba picha zimefika, na upande wa pili usijue kamwe kwamba zilitumwa. Bingwa hasubiri kitu asichokijua, na mgonjwa hulipia kimya hicho.

Foleni huondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo, kwa sharti kwamba iandikwe katika diski, isikae tu katika kumbukumbu inayofutika umeme unapozimika. Tena sharti iwepo foleni upande wa mtumaji, ili mtandao ukikatika, fundi wa picha aendelee na mgonjwa anayefuata, na ujumbe ungoje hapo hapo mpaka njia ifunguke. Elimu hii si ngeni duniani. Kampuni ya IBM ilitoa programu yake ya foleni, MQSeries, mwaka 1993, na RabbitMQ, ambayo hutumiwa bila malipo, ilitokea mwaka 2007.

Hapa wengi hukosea. Wakishaipenda foleni, hutaka kupitisha kila kitu ndani yake, hata faili zima. Foleni haikuundwa kwa mizigo mizito. Katika mfumo wa IBM, ujumbe mmoja hauwezi kuzidi megabaiti 100. Katika Kafka, kikomo cha kawaida ni kama megabaiti moja, ingawa kinaweza kuongezwa. Yupo atakayelikata faili vipande 300, akavipa namba na kuvituma kimoja kimoja. Jambo hilo linawezekana, lakini mpokeaji hana budi kuvipanga upya, kukumbuka vilivyopungua, na kuamua afanye nini ikiwa kipande cha 212 hakikuja. Isitoshe, ujumbe mdogo wa dharura hujikuta umekwama nyuma ya shehena.

Njia bora inajulikana kwa wakulima. Tangu Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, mkulima huweza kuyafikisha mazao yake ghalani, yakapimwa na kupangwa daraja, naye akapewa stakabadhi. Mzigo hubaki mahali pamoja. Karatasi ndiyo inayokwenda sokoni. Vivyo hivyo, faili liwekwe katika ghala la mafaili, na foleni ibebe stakabadhi tu: namba ya faili, mahali lilipo, ukubwa wake, na namba ndefu ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Faili likibadilika hata kwa herufi moja, namba hiyo hubadilika. Programu ya upande wa pili ikiipata stakabadhi, hulichota faili kipande kwa kipande. Njia ikikatika, huendelea pale ilipoachia. Mwishoni hukokotoa namba ya uhakiki, na zikilingana, mzigo umefika salama.

Halafu lipo suala la sahihi. Tarishi mzuri haridhiki na kuonwa mlangoni. Hungoja daftari litiwe sahihi. Programu inayopokea haipaswi kukiri mapokezi mara inapoona stakabadhi, bali baada ya kulihifadhi faili na kulihakiki. Ikikiri mapema na umeme ukazimika, faili halikuhifadhiwa na ujumbe umekwisha kufutwa katika foleni. Ikikiri baadaye, itatokea mara nyingine kukiri kwenyewe kupotee njiani, na ujumbe ule ule urudi mara ya pili. Hilo ni afadhali mara nyingi, mradi kila ujumbe uwe na namba yake, na mpokeaji auangalie daftarini kabla ya kuushughulikia. Kilichorudiwa huweza kutupwa. Kilichopotea hakiwezi kuokotwa.

Wapo watakaosema kwamba foleni ni gharama ya ziada, mashine nyingine ya kulindwa, na kitu kingine cha kuharibika. Hoja yao haikosi uzito. Foleni isiyotazamwa ni masjala iliyofungwa: barua huingia, hakuna atokaye nazo, na kila mtu hudhani mwenzake anashughulika. Kwa hiyo hapana budi awepo mtu mwenye wajibu wa kutazama urefu wa foleni kila siku, na kengele ya kumwamsha inapozidi kipimo. Dharura nayo iwe na foleni yake, na simu ya daktari kwa daktari isiachwe. Aidha, ghala la mafaili ya wagonjwa ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezishika taarifa hizo azilinde. Hivyo stakabadhi isibebe jina wala ugonjwa wa mtu, bali namba tu, na ghala lifunguke kwa mwenye idhini peke yake.

Baada ya kuyapima yote hayo, gharama ya foleni bado ni ndogo kuliko gharama ya faili lililopotea bila mtu kujua. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeweka msingi wa taasisi za umma kutumia TEHAMA kwa utaratibu mmoja, na mifumo inayozungumza na mingine inaongezeka. Huu ndio wakati wa kuuliza swali lifaalo kabla ya kulipa fedha. Wauzaji hupenda kuonyesha jinsi mfumo unavyokwenda mbio siku ambayo mtandao ni mzima. Mnunuzi wa Iringa au Mbeya afanye jaribio lake mwenyewe: atume mafaili 100, achomoe waya katikati ya safari, azime umeme wa upande unaopokea, kisha arudishe vyote na kuhesabu. Yakifika 100 kamili, bila pungufu wala marudio, na pasiwepo aliyelazimika kuyatuma upya kwa mkono, atie sahihi. Yasipofika, mfumo huo urudi kwa fundi.