Mbaya ni Mchezaji, au Mbaya ni Aliyemchagua?

Jumamosi iliyopita jioni nilikuwa mtaa wa Fedha, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, nikingoja zamu yangu kwa kinyozi. Aijuaye Fedha anajua kwamba mtaa huo haukosi mazungumzo. Makarani wanarudi kazini kwa barabara ya Outer Ring, wafanya biashara wanafunga hesabu zao, na wale wafanyao kazi katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wanapita kwenda zamu ya usiku. Basi katika kibanda cha kinyozi huyo hukutana watu wa kila namna, na siku hiyo walikuwa wakishindana juu ya neno moja tu: ni mchezaji gani aliyechaguliwa kwa tamaa kubwa na fedha nyingi, kisha akawa hasara kupita wote?

Aliyewasha moto huo ni karani kijana apendaye kufuata michezo ya Marekani. Alitueleza kwamba huko, katika mpira wao unaochezwa kwa mikono na kofia ngumu, wachezaji wapya hawanunuliwi ovyo. Tangu mwaka 1936 timu zote hukutana kila mwaka na kuchagua vijana kwa zamu, na timu iliyoshika mkia ndiyo hupewa nafasi ya kuchagua kwanza, ili mnyonge naye apate nguvu. Kijana achaguliwaye katika duru ya kwanza huhesabiwa kuwa ni lulu. Lakini, akasema, lulu nyingine huwa ni kokoto.

Akatoa mfano wa mwaka 1998. Mwaka huo walikuwako vijana wawili waliosifiwa sana, na wajuzi walibishana ni yupi bora. Timu ya Indianapolis ilimchukua wa kwanza, Peyton Manning. Timu ya San Diego, ambayo ilikwisha kutoa wachezaji na haki zake nyingine za kuchagua ili tu ipate nafasi ya pili, ikamchukua Ryan Leaf. Manning alitwaa ubingwa mara 2 na kutajwa mchezaji bora wa ligi mara 5. Leaf aliachwa na San Diego mwaka 2001, na tangu hapo jina lake likawa mithali ya chaguo baya. Halafu mwaka 2007 timu ya Oakland ilimchagua JaMarcus Russell awe wa kwanza kabisa katika nchi nzima, na kufika mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kumfungulia mlango atoke. Na Tom Brady, aliyekuja kutwaa ubingwa mara 7, alichaguliwa mwaka 2000 akiwa mtu wa 199. Maana yake ni kwamba majina 198 yaliitwa kwanza, na wakubwa wote wale wenye saa na vipimo wakampita.

Kinyozi, ambaye ni mfuasi wa Gor Mahia tangu utoto, alisimamisha mashine yake akasema, "Wamarekani wana vipimo na bado wanakosea. Sisi je, tunaosajili kwa sifa za barazani?" Akadai kwamba kwa upande wa Gor Mahia hasara ilikuwa ni Dennis Oliech, aliyesajiliwa Januari 2019 kwa vifijo vingi, na kabla ya mwaka huo kwisha chama na mchezaji wakawa wameachana.

Karani hakukubali. Alisema, "Kaka, huyo ni yule aliyetoka Mathare United akaenda kucheza Ufaransa miaka mingi. Ni yeye aliyefunga bao tulipowashinda Burkina Faso 3 kwa 0 katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2004. Utamwitaje hasara?" Kinyozi akajibu kwamba bao la mwaka 2004 halishindi mechi ya mwaka 2019. Nami nilipolipima neno hilo niliona kwamba wote wawili walisema kweli. Oliech aliyesajiliwa alikuwa karibu kutimiza miaka 34. Umri wake haukufichwa na mtu, ulikuwa wazi kama jua la adhuhuri. Basi kama kosa lilikuwako, je, ni la mwenye umri huo, au ni la wale waliotaka miaka irudi nyuma?

Hapo fundi cherehani mmoja, mzaliwa wa Tanga na mpenzi wa Simba, akaomba nafasi. Alianza, kama ilivyo desturi, kwa watani wake Yanga, waliomleta Mbrazili aitwaye Jaja mwaka 2014, naye akaondoka msimu ungali mchanga. Tulipomwambia kwamba nyumba yake nayo inavuja, alicheka akakiri. Mwaka 2019 Simba walileta Wabrazili 3 kwa mpigo, yaani Gerson Fraga, Tairone Santos na Wilker Henrique da Silva. Wilker hakumaliza hata msimu mmoja. Lakini Fraga alipendwa sana na mashabiki, na Simba wakatwaa ubingwa mwaka 2020. Walitoka nchi moja, walikuja wakati mmoja, wakavaa jezi moja, na kila mmoja akawa na bahati yake.

Kisha akatoa mfano ulionipendeza zaidi, maana unatugusa sisi wa Nairobi. Mwishoni mwa mwaka 2014 Simba walimchukua Dan Sserunkuma kutoka Gor Mahia, mfungaji hodari aliyekuwa ametia mabao mengi katika ligi ya Kenya. Dar es Salaam hakung'ara, na baada ya miezi michache akaondoka. Mwaka 2018 Simba wakarudi dukani kwa Gor Mahia wakamchukua Meddie Kagere. Watu wakasema, "Mmesahau ya Sserunkuma?" Naye Kagere akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu 2 mfululizo, kwa mabao 23 na kisha 22. Basi fundi akauliza, "Duka ni lile lile, mnunuzi ni yule yule, bidhaa ni ya namna ile ile. Nani atanipa kanuni?"

Karani akaongeza ya Michael Olunga. Kijana huyo alipita Tusker mwaka 2013 na Thika United mwaka 2014 kabla ya kufika Gor Mahia mwaka 2015, akafunga mabao 19 katika ligi, na chama kikatwaa ubingwa bila kushindwa hata mechi moja. Mwaka 2020 alikuwa Japani katika timu ya Kashiwa Reysol, akafunga mabao 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi ya nchi ile. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Kweli, lakini huonekana kwa yule aliyeamka mapema na kuinua macho.

Mpaka hapo mabishano yalikuwa ni kicheko na furaha. Lakini penye benchi alikuwapo mzee mstaafu ambaye hakuwa amesema neno. Kinyozi akamgeukia akamwuliza, "Mzee, wewe uliongoza timu zamani. Kwenu nani alikuwa mbaya kupita wote?" Mzee akakaa kitambo, kisha akatusimulia habari hii, nami naiandika kama nilivyoisikia.

Alisema kwamba miaka mingi iliyopita alikuwa katika halmashauri ya timu ndogo ya mitaa hii ya mashariki. Watu walichanga shilingi kwa shilingi ili wapate mshambulizi mmoja wa kuwatoa katika daraja la chini. Yeye na wenzake wawili walikwenda bara, wakatazama mechi moja tu siku ya Jumapili, wakamwona kijana akifunga mabao 3, wakarudi naye Nairobi. Mechi ya kwanza alicheza vizuri. Kufika ya nne alikuwa akikimbia kama mtu akanyagaye miiba. Watazamaji wakampa jina la Hasara, na watoto wakaliimba njiani kila alipopita kwenda kuteka maji.

"Baadaye sana," mzee akasema, "tulipata habari kwamba kijana yule alivunjika kifundo cha mguu kabla hatujamwona, na hakikuunga sawasawa. Hakutuambia, maana mama yake alikwisha kutangaza kijijini kwamba mwanawe amepata riziki Nairobi. Na sisi hatukumwuliza. Siku moja tuliamka tukakuta chumba ni kitupu. Aliondoka hata mshahara wake wa mwisho hakuudai. Mabao yake tuliyahesabu, lakini kwao hatukupajua. Kwa hiyo mkiniuliza mbaya kupita wote ni nani, mimi nasema tulikuwa watatu, na mmoja wao ni mimi niliyeketi hapa."

Kibanda kizima kilinyamaza. Kisha mvulana afagiaye nywele kwa kinyozi, ambaye ni mpwa wake, alisimama na ufagio wake akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, mwezi ujao nakwenda kujaribiwa na ile timu. Goti langu la kushoto huuma nikikimbia sana." Kinyozi alishtuka. Alikuwa hajui. Mzee akamwambia yule mvulana, "Nenda kwa daktari kwanza, mwanangu, kisha waambie. Afadhali wakuache leo ukiwa na goti, kuliko wakuite Hasara kesho ukiwa huna."

Wasomaji wapendwa, nilitoka pale nimekwisha kunyolewa, lakini maneno yale sikuweza kuyaacha kibandani. Mimi naona kwamba shindano la kumtafuta mchezaji mbaya kupita wote ni shindano lenye kosa tangu mwanzo wake. Mchezaji hajichagui. Huchaguliwa. Mkulima akienda mnadani akanunua mtamba kwa sababu ya rangi yake nzuri, asimtazame meno wala kiwele, wala asiulize habari za mama yake, kisha maziwa yasipatikane, je, atamlaumu ng'ombe? Majirani watamcheka mkulima, na haki yao. Lakini katika mpira twafanya kinyume. Halmashauri hukosea, kisha mchezaji ndiye azomewaye.

Basi kwa wale wasomaji wetu walio katika halmashauri za timu, ziwe kubwa au za mtaani, ningependa kutoa mashauri 3. La kwanza, jua kwanza upungufu wako, ndipo utafute mtu. Timu isiyo na mlinzi hujenga ukuta, haiongezi tarumbeta. La pili, uliza. Uliza umri, uliza afya, uliza tabia, uliza kwao ni wapi na nani anamtegemea. Chama cha vijana cha Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilitufundisha jambo kubwa, maana katika ligi yake timu hupata pointi kwa kusafisha mtaa kama zipatavyo kwa kushinda mechi. Hapo kijana hujulikana si kwa miguu yake tu, bali na kwa mikono yake. La tatu, ukikwisha kumchagua, mlee. Ugeni ni mzigo. Chakula kipya, kocha mpya, na maelfu ya macho yakimtazama, yote hayo humlemea mtu, na miezi michache si kipimo cha haki.

Na kwa sisi watazamaji, tulinde ndimi zetu. Yule Ryan Leaf niliyemtaja juu, aliyefanywa mithali na nchi nzima, baadaye alizama katika dawa na akafungwa gerezani. Alitoka mwishoni mwa mwaka 2014, akasimama tena, akaanza kuwasaidia wengine waliopatwa na shida kama yake. Siwezi kusema kwamba zomeo ndizo zilizomwangusha, maana makosa yake alikuwa nayo na hakuyakana. Lakini najua kwamba hakuna mtu aliyepata kuponywa kwa kuitwa Hasara.

Mtaa ule unaitwa Fedha, na huenda ndiyo sababu mazungumzo yake huanzia kwenye gharama. Lakini fedha iliyopotea katika mchezaji huweza kuchangwa tena msimu ujao. Kijana aliyeondoka usiku bila kuaga hachangwi. Jumatatu nilipata habari kwamba kinyozi alifunga kibanda asubuhi, akampeleka mpwa wake hospitali.

Kwa herini mpaka juma lijalo.