Maputo ya Laki Kadhaa, Kiti cha Mtoto Hakuna! Mastaa Wetu, Hii Imekaaje?

Wadau, leo nasema ukweli, mtakaonuna mnune. Juzi kati staa mmoja wa Bongo Movie (jina kapuni) katoka hospitali na kichanga wake. Mpiga video wa kulipwa, maua, maputo, gari limeng'arishwa balaa. Halafu mama kakaa siti ya mbele, mtoto kampakata, mkanda hajafunga! Komenti zote "hongera mama kijacho wetu mrembo" na makopakopa kibao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kiti cha mtoto kiko wapi.

Sina bifu naye. Tatizo ni kwamba hawa ndio tunaowaiga. Kesho binti wa Mbagala akijifungua atataka video kama ile ile.

Kumpakata mtoto siyo ulinzi. Kichanga wa kilo 3, gari likiwa spidi 50 likagonga na kusimama ghafla, anachomoka mikononi kama mzigo wa kilo 60 na zaidi. Hakuna mama wa kuushika huo, hata awe anabeba vyuma jimu.

Kuna watakaosema "acha uzungu, sisi tulipakatwa na tumekua." Sawa, wewe umekua. Ambao hawakukua hawawezi kuja kukomenti.

Kwa hiyo ukinunua kiti, usiangalie rangi inayopendeza Insta. Angalia kama kinafaa uzito wa mtoto mchanga na kama kinafungika vizuri kwenye gari lenu, kwa hiyo kijaribishe kabla hujalipa. Cha mtumba? Kama hujui kilikotoka, achana nacho. Kikishapata ajali hakifai tena hata kama kwa macho ni kizima, na vingi vina tarehe ya mwisho wa matumizi, geuza chini usome.

Kukifunga sasa. Kiti kikae siti ya nyuma, mtoto aangalie nyuma ya gari. Kichwa chake ni kizito na shingo bado laini, hivyo gari likigonga mgongo wa kiti unapokea kishindo chote. Usikiweke kamwe mbele penye mfuko wa hewa, ukifumuka unakipiga kiti na mtoto wake. Mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo, imbane kiasi kwamba huwezi kuifinya ikakunjika. Kiti kilale kidogo ili kidevu kisiangukie kifuani akakosa pumzi. Blanketi zito mfunike juu ya mikanda, siyo ndani yake. Mkifika nyumbani mtoe akalale kitandani kwake, kile siyo kitanda.

Najua wengi wetu hatuna gari, siku ya kutoka hospitali ni teksi. Azima kiti kwa shoga au ndugu unayemwamini. Ukikosa kabisa, kaa nyuma, funga mkanda wewe peke yako, usiuzungushe kwa mtoto maana utambana katikati, na mwambie dereva aende taratibu bila aibu.

Ila wewe staa wa gari la mamilioni huna kisingizio. Posti inayofuata tuonyeshe kiti. Hiyo ndiyo fasheni tunayotaka kuiga.

Nimekosea wapi? Haya, tiririka hapo chini.