Kubanduka si kuruka

Katika kazi zetu za istilahi kuna desturi ambayo nadhani imekwisha kutuchosha wote. Mwanafunzi anachukua orodha ya maneno ya Kifaransa ya fani fulani, anatafuta kila neno katika kamusi mbili tatu, anaandika neno la Kiswahili upande wa kuume, na kazi inahesabiwa imekwisha. Fani yenyewe hakuigusa. Mimi natetea njia nyingine, na mfano wangu labda utawashangaza walimu wengine: kurekebisha, ndani ya simuleta, namna ndege inavyoondoka ardhini.

FlightGear ni simuleta ya bure, na mafaili yake yako wazi kwa kila mtu. Ndege yake inayojulikana zaidi, Cessna 172P ya viti vinne, imeelezwa katika faili la maandishi ambalo unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Humo mna uzito wa ndege, mahali pa kila gurudumu, msuguano wa tairi linapobingirika (nambari ambayo kwa kawaida huwa karibu na 0.02), na mengine mengi. Kila kitu kina jina na kila jina lina nambari. Badilisha nambari, ndege itabadili tabia.

Sasa mwambie mtu: rekebisha décollage. Ataanzia wapi? Faili halina mahali penye jina hilo, kwa sababu jambo hilo si moja. Kwanza ndege inakimbia juu ya njia, na hapo wanaotawala ni injini, uzito na msuguano. Kisha inainua pua. Hapo kuna kibawa cha nyuma kinachosukuma mkia chini, na kuna umbali kati ya kitovu cha uzito na magurudumu makubwa. Kisha magurudumu yanaachana na ardhi. Mwishoni ndege inapanda, na hilo nalo ni jambo jingine kabisa: ikiwa karibu sana na ardhi bawa hupata nafuu, hivyo ndege inaweza kuwa hewani mita mbili na bado isiweze kwenda juu zaidi.

Kiswahili chetu cha kila siku kinayafunika yote manne kwa neno moja: ndege inaruka. Na neno hilo hilo ndilo la safari nzima, kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa. Wengine wanapendelea kupaa, neno zuri, lakini kupaa ni kwa moshi, kwa mwewe na kwa Bwana siku ya Kupaa. Linasema juu tu, halisemi chochote juu ya magurudumu. Wakati huo huo tunalo neno ambalo hatulitumii. Décoller kwa Kifaransa ni kutoka kwenye gundi. Kiswahili kina kubanduka, na maana ni ile ile: kilichokuwa kimeshikamana kimeachia. Najua wengine watacheka, watasema kubanduka ni kwa plasta na kwa stempu. Ila Wafaransa nao walilitoa huko huko kwenye gundi, na hakuna anayewacheka. Basi napendekeza ndege ikimbie, iinue pua, ibanduke, kisha ipande.

Si suala la kupamba lugha. Ona linavyofanya kazi. Tuseme Cessna yako inagoma kuondoka. Ukisema tu kwamba “hairuki vizuri”, utafanya kama wafanyavyo wengi: utaongeza nguvu za injini mpaka iondoke, na baadaye utashangaa mbona inapanda kama roketi. Lakini ukisema “inakimbia vizuri, inafika mwendo wa noti 55, ila haiinui pua”, tayari umeiacha injini pembeni. Kosa liko nyuma au chini: ama kitovu cha uzito kimesogezwa mbele mno, ama magurudumu makubwa yamewekwa nyuma kupita kiasi, ndipo mkia unashindwa kuipindua ndege. Kuna anayeongeza tu nguvu ya kile kibawa cha mkia. Pua itainuka, ndiyo. Lakini huko juu ndege itakuwa na wasiwasi, ukigusa usukani kidogo inaruka kama mbuzi. Wanasarufi tunaijua tabia hiyo. Ni yule anayekutana na umbo lisilomtii, badala ya kuitazama upya kanuni yake anaongeza kanuni ndogo ya kulitibu umbo lile peke yake, na kesho maumbo mengine kumi yanaharibika.

Mfano mwingine ni ndege kuvutwa upande wa kushoto inapokimbia. Wageni huudhika, wanatafuta nambari ya kuifuta. Kumbe ile ni tabia halali ya ndege ya propela moja inayozunguka kufuata mkono wa saa machoni pa rubani: upepo wa propela unajizungusha na kuupiga mkia, na mzunguko wenyewe unaulemea upande wa kushoto. Rubani hujibu kwa mguu wa kulia. Anayeifuta amejitengenezea ndege ambayo haiko popote.

Na utajuaje kama umerekebisha au umeharibu? Kwa kupima mahali panapojulikana. Kitabu cha Cessna 172P kinasema kwamba ikiwa na uzito wake kamili, kilo 1,089, kwenye usawa wa bahari, siku ya nyuzi 15, inakimbia karibu mita 270 kabla ya kubanduka. Kwa hiyo ipeleke Muanda, pwani ya Atlantiki, weka nyuzi 15 na upepo sifuri, kisha pima. Nambari ikikubali, usiguse tena kitu, nenda Luano. Hapa tuko mita 1,300 hivi juu ya bahari, na mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 32, hewa imepungukiwa na karibu moja ya tano ya uzito wake. Injini inavuta hewa hafifu, propela inakamata hewa hafifu, bawa linadai mwendo mkubwa zaidi juu ya ardhi hata kama saa ya mwendo inaonyesha zile zile 55. Ndege itakimbia mbali zaidi, zaidi ya mara moja na nusu. Anayeanzia Luano na kupunguza msuguano ili ndege ibanduke kama ilivyobanduka Muanda hakurekebisha kitu. Amefuta mwinuko wa Katanga.

Nchi yetu inajua gharama ya mambo haya. Tarehe 8 Januari 1996, huko Kinshasa, Antonov 32 iliyozidishiwa mzigo ilishindwa kuondoka kwenye kiwanja cha Ndolo, ikapita mwisho wa njia na kuingia sokoni. Zaidi ya watu 200 waliokuwa chini waliuawa. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ilishindwa kuondoka Goma na kuishia katika mtaa wa Birere. Goma, kumbukeni, ni zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na lava ya mwaka 2002 ilikuwa imefunika sehemu ya njia. Sisi tunasemaje? Tunasema ndege ilianguka. Kuanguka ni kutoka juu. Neno hilo linampeleka msikilizaji angani, akawaze dhoruba na mapenzi ya Mungu, na kumbe swali lilikuwa pale chini: mzigo kiasi gani, njia ndefu kiasi gani, joto kiasi gani.

Nitaambiwa kwamba marubani wanasema Kifaransa na Kiingereza, basi Kiswahili cha nini. Lakini mashariki mwa nchi anayebeba magunia mpaka mlangoni mwa ndege anasema Kiswahili, na mama anayelipia gunia moja la ziada anasema Kiswahili.

Ombi langu kwa kitivo ni dogo. Kompyuta moja, FlightGear, na wanafunzi wawili wawili, mmoja wa lugha na mmoja wa politeknike. Wapewe Cessna ambayo mwalimu ameiharibu makusudi. Waitengeneze, kisha waandike kwa Kiswahili maelezo ambayo mtu asiyejua Kifaransa ataweza kuyafuata. Ndege yake ikibanduka Muanda kwenye mita 270, wapate alama zao. Nami nakiri bado sijapata jina zuri la kile kibawa cha mkia kinachoinua pua: “kiinuzi” kinanikwaza, na “usukani wa mkia” unachanganyika na ule wa kushoto na kulia. Mwenye neno alilete katika toleo lijalo.